Moyo wa Kazi na Kompyuta Hospitalini: Nani Anaandika, Nani Anafaidika, Nani Anaamua?

Hospitali nyingi za nchi yetu zimo katika mabadiliko makubwa ya namna ya kutunza habari za wagonjwa. Jalada la karatasi linaondoka, na nafasi yake inachukuliwa na kompyuta. Mgonjwa akifika mapokezi, jina lake linaingizwa katika mashine. Daktari anaandika humo maelezo yake. Maabara inapokea humo maombi ya vipimo. Dirisha la dawa linasoma humo dawa za kutoa. Na mhasibu anaona humo kinachodaiwa. Mojawapo ya mifumo iliyosambazwa katika hospitali na vituo vya afya vya Serikali za Mitaa ni GoT-HoMIS, uliotengenezwa chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Hospitali nyingine, ziwe za umma, za mashirika ya dini au za watu binafsi, zina mifumo yake.

Makala hii haikusudii kufundisha jinsi ya kutumia kompyuta. Kazi hiyo ni ya mafundi na ya walimu wao. Sisi tunataka kueleza jambo ambalo mafundi hawaulizwi, nalo ni hili: kwa nini mara nyingi kompyuta inapoingia wodini moyo wa wafanyakazi unashuka? Kwa nini muuguzi aliyefanya kazi miaka 20 bila manung'uniko anaanza kuhesabu siku za likizo yake? Kwa nini daktari kijana, ambaye ana simu ya kisasa mfukoni na anaitumia bila kufundishwa na mtu, anaichukia kompyuta ya hospitali?

Baadhi ya viongozi wana jibu la haraka. Wanasema wafanyakazi ni wavivu, au wanaogopa mambo mapya, au wanapinga kwa sababu mashine imeziba mianya ya fedha. Hapana shaka kwamba watu wa namna hiyo wapo. Lakini jibu hilo haliwezi kueleza kwa nini jambo hilo hilo limetokea Marekani, Uingereza na Denmark, kwa madaktari na wauguzi wa kila umri na wa kila tabia. Jambo linapotokea mahali pengi namna hiyo, chanzo chake hakiwezi kuwa tabia ya mtu mmoja mmoja. Hatuna budi kukitafuta katika mpango wenyewe wa kazi.

Ili kukipata, tutajiuliza maswali matatu. Katika mfumo mpya nani anaandika? Nani anafaidika na kilichoandikwa? Na nani aliyeamua kiandikwe nini, na kwa namna gani?

KUMBUKUMBU NI NYENZO YA KAZI

Kwanza yafaa tuelewe kumbukumbu ya mgonjwa ni nini. Wodi haina mfanyakazi mmoja, ina zamu. Mgonjwa akilazwa siku 4, na kila siku ina zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, atakuwa amepitia zamu 12. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa naye saa zote hizo. Kinachounganisha mikono yote iliyomhudumia ni maandishi. Dawa ya saa 12 jioni ilitolewa au haikutolewa? Damu ilipimwa? Homa ilipanda lini? Maandishi yakikatika, na matibabu yanakatika. Kwa hiyo kumbukumbu si jambo la ofisini. Ni nyenzo ya kazi, kama ilivyo bomba la sindano au mashine ya kupimia shinikizo la damu.

Nyenzo ya karatasi ilikuwa na uzuri wake. Haihitaji umeme. Inabebwa mpaka kitandani. Chati iliyoning'inizwa miguuni pa kitanda inamwonyesha muuguzi, kwa kuitupia jicho mara moja tu, jinsi homa ilivyopanda na kushuka.

Lakini ilikuwa na maovu yake pia, na tusijidanganye kwamba tunaacha pepo. Jalada hupotea. Likiwa maabara haliwezi kuwa wodini. Mwandiko wa daktari mmoja hausomwi na mwenzake. Mgonjwa anayerudi baada ya mwaka huanzishiwa jalada jipya, na yote aliyokwisha kutibiwa yakawa kama hayakutokea. Na kila mwisho wa mwezi wauguzi na matabibu huketi na vitabu vya MTUHA, ule Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya uliotumika nchini tangu miaka ya 1990, wakihesabu mstari kwa mstari wajawazito, watoto, malaria na vifo, ili jumla ipelekwe wilayani.

Ahadi ya kompyuta, basi, ni ya kweli. Inaweza kulileta jalada mbele ya watu watatu kwa wakati mmoja. Inaweza kuonya kwamba dawa hii haipatani na ile. Inaweza kutoa jumla ya mwezi bila mtu kukesha. Anayeikataa ahadi hiyo anakosea. Tunachouliza ni kwa nini mfanyakazi aliyeahidiwa unafuu mara nyingi anaona mzigo.

NANI ANAANDIKA?

Kosa la kwanza la wapangaji ni kudhani kwamba kompyuta inafuta kazi ya kuandika. Haiifuti. Mara nyingi inaihamisha tu, kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Tuchukue mfano wa Denmark. Mwezi Mei 2016 mkoa wa mji mkuu wa nchi hiyo ulianza kutumia mfumo uitwao Sundhedsplatformen, kwa kuanzia hospitali za Herlev na Gentofte. Kabla ya hapo daktari alikuwa akisema maelezo yake katika chombo cha kunasia sauti, na makatibu wa kitabibu wakiyaandika. Katika mpango mpya daktari aliandika mwenyewe, na wapangaji walitegemea kuokoa fedha kwa kupunguza makatibu. Kilichofuata kilikuwa malalamiko makubwa ya madaktari na wauguzi, na idadi ya wagonjwa waliohudumiwa ilishuka. Mwaka 2018 wakaguzi wa hesabu za serikali ya nchi hiyo waliukosoa mkoa kwa kutoziandaa hospitali vya kutosha. Kazi ya katibu haikupotea. Iliwekwa juu ya daktari, na muda wa kuifanya ukatolewa katika muda wa mgonjwa.

Marekani inatupa kipimo cha jambo hilo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulifuata madaktari 57 katika kazi yao ya kila siku. Ulikuta kwamba kwa kila saa 1 ambayo daktari alikaa na wagonjwa, karibu saa 2 zilikwenda kwenye kompyuta na kazi za mezani. Na waliporudi nyumbani, walitumia saa 1 hadi 2 nyingine za usiku, hasa kumalizia kuandika. Tuangalie maana yake. Mtu alijifunza miaka mingi ili atibu, na sasa sehemu kubwa ya siku yake ni ukarani. Akinung'unika, je, ni uvivu?

Hapa kwetu mzigo una sura nyingine, ambayo pengine ni mbaya zaidi, nayo ni kuandika mara mbili. Mfumo wa kompyuta unaletwa, lakini vitabu haviondolewi. Tufikirie muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa 30. Anatoa dawa, anaandika katika chati ya karatasi, kwa sababu umeme unaweza kukatika. Kisha anangoja nafasi katika kompyuta moja ya wodi ili aandike tena yale yale. Mama akijifungua, anajaza kitabu cha kujifungua, kwa sababu wilaya inakitaka. Anaingiza katika mfumo, kwa sababu uongozi wa hospitali unautaka. Na ikiwa mama ana bima, anajaza fomu ya madai, kwa sababu bila hiyo hospitali hailipwi. Jambo moja limeandikwa mara tatu na mkono mmoja, na mama aliyejifungua anaita hajapata wa kumwitikia.

Wapangaji huita hali hiyo "kipindi cha mpito". Lakini kipindi cha mpito kisicho na tarehe ya mwisho si mpito tena. Ni nyongeza ya kazi isiyo na malipo. Na katika nchi yenye upungufu wa wauguzi na matabibu, dakika zinazoongezwa kwenye kompyuta hazitoki hewani. Zinatoka kitandani pa mgonjwa.

NANI ANAFAIDIKA?

Mtu anaweza kubeba mzigo mzito kwa moyo mkunjufu akiona unakokwenda. Mkulima hupalilia juani kwa sababu anajua shamba ni lake na mavuno atayaona. Swali la pili basi ni hili: habari anazoingiza muuguzi zinakwenda wapi, na zinamrudia vipi?

Marekani ilipitisha mwaka 2009 sheria ya kuzilipa fedha hospitali na madaktari watakaotumia kumbukumbu za kielektroniki. Matokeo yake yalikuwa ya haraka. Mwaka 2008 hospitali zenye mfumo wa namna hiyo zilikuwa chini ya 1 katika kila 10. Kufikia mwaka 2015 zilikuwa zaidi ya 8 katika kila 10. Lakini katika nchi ambayo matibabu ni biashara, mifumo mingi ilijengwa juu ya hesabu za malipo. Daktari alitakiwa kujaza vipengele vingi, si kwa sababu vinamsaidia mgonjwa, bali kwa sababu kampuni ya bima haitalipa bila hivyo. Kumbukumbu iliyokuwa nyenzo ya tiba ikageuzwa kuwa nyenzo ya ankara.

Sisi hatuna budi kujichunguza hapo. Hospitali zetu nyingi zilileta kompyuta kwanza kwenye dirisha la malipo, na sababu ilikuwa nzuri: fedha za umma zilikuwa zikipotea. Kuziba mwanya huo ni haki, na dawa zinazonunuliwa kwa mapato hayo ni za wananchi. Lakini mfumo unapoishia hapo, muuguzi anaona wazi kwamba mashine inajua gharama ya kila sindano ila haijui kwamba mgonjwa wa kitanda cha 7 hajalala siku 2. Anaanza kujiona kama tawi la ofisi ya uhasibu. Hapo moyo unashuka, hata kama kazi yenyewe si nyingi.

Upo mfano wa karibu unaoonyesha njia nyingine. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta mwezi Februari 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ulikuwa mfumo mdogo: kompyuta 2 zilizounganishwa, moja mahali pa kuandikishia wagonjwa na nyingine mahali pa kutokea, pamoja na akiba ya umeme wa jua. Tabibu hakulazimishwa kuchapa. Alijaza fomu moja ya karatasi, na karani akaingiza habari katika mashine. Watafiti walipima hali kabla na baada. Muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kungoja kwa asilimia 38. Kazi hiyo ya Mosoriot ilikuwa mojawapo ya mizizi ya OpenMRS, mfumo ulioanza mwaka 2004 na ambao hospitali za nchi nyingi zinautumia bila kununua leseni.

Lakini mfano huo huo unatupa onyo, na si vizuri kulificha. Watafiti hao hao walikuta kwamba muda ambao wagonjwa walikaa na watoa huduma ulipungua kwa asilimia 58, na muda ambao wafanyakazi walizungumza wao kwa wao ulipungua kwa theluthi mbili. Sehemu ya mazungumzo hayo bila shaka ilikuwa ya kutafuta kadi na kuuliza majina. Lakini wodi huishi kwa mazungumzo pia. Hapo ndipo muuguzi mzoefu anapomnong'oneza mwenzake kwamba rangi ya mtoto yule haimpendezi. Kwa hiyo muda unaookolewa na mashine lazima upangiwe kazi. Usipopangiwa urudi kwa mgonjwa, utapotea bila mtu kujua ulikokwenda.

NANI ANAAMUA?

Swali la tatu ndilo kiini cha makala hii. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfumo uliochorwa na watu wasiokesha wodini utaijua kazi ya wodi kama inavyoandikwa katika vitabu vya taratibu, si kama inavyofanywa.

Mjini Los Angeles, hospitali kubwa ya Cedars-Sinai ilianza mwishoni mwa mwaka 2002 kuwataka madaktari waandike maagizo yote ya dawa na vipimo kwa kompyuta. Madaktari waliona kwamba agizo lililokuwa likichukua sekunde chache kwa kalamu sasa linachukua dakika kadhaa, na mashine inawasimamisha kwa maonyo mengi yasiyo na maana. Mamia yao walipinga, na mwezi Januari 2003 mfumo uliogharimu kiasi cha dola milioni 34 ukazimwa. Uingereza nayo ilianzisha mwaka 2002 mpango wa taifa zima ulioendeshwa kutoka makao makuu, kwa mikataba na makampuni makubwa. Mwezi Septemba 2011 serikali ilitangaza kuuvunja. Gharama yake ilikadiriwa kuwa karibu pauni bilioni 10.

Hizo ni fedha. Lakini kuna mahali ambapo suala lilikuwa la uhai. Mwezi Oktoba 2002 hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, ilianza mfumo wa maagizo ya kompyuta. Kabla ya hapo, gari la wagonjwa likiwa njiani, daktari aliweza kuagiza dawa ili mtoto azikute tayari. Mfumo mpya haukukubali agizo lolote mpaka mtoto awe amefika na kuandikishwa. Dawa zilizokuwa zikihifadhiwa karibu na wodi ya wagonjwa mahututi zilihamishiwa stoo kuu. Mmoja wa watu waliokuwa wakisimama kitandani sasa alilazimika kukaa kwenye kompyuta. Madaktari wa hospitali hiyo wenyewe walichunguza na kuchapisha matokeo mwaka 2005: miongoni mwa watoto walioletwa kutoka hospitali nyingine, vifo vilikuwa asilimia 2.80 kabla ya mfumo, na asilimia 6.57 katika miezi 5 ya kwanza baada yake.

Je, mashine iliua? Hospitali ya watoto ya Seattle iliweka mfumo wa kampuni hiyo hiyo, na uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 2006 haukuona ongezeko la vifo. Tofauti iliyoelezwa na wachunguzi ilikuwa katika maandalizi na katika namna mfumo ulivyopatanishwa na kazi ya wodi. Funzo hapa ni kubwa. Muuguzi wa Pittsburgh aliyeijua kazi ya kumpokea mtoto mahututi angeweza kusema mapema kwamba sharti la kuandikisha kwanza ni la hatari. Ujuzi huo ulikuwamo hospitalini siku zote. Uamuzi haukuupitia.

Kwa hiyo manung'uniko ya wafanyakazi si kelele za kunyamazishwa. Mara nyingi ni taarifa ya kwanza ya hatari. Kiongozi anayeyanyamazisha anaizima kengele ya moto kwa sababu inamsumbua usingizi.

Nchi yetu haikosi chombo cha kupitishia sauti hiyo. Mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, ili mfanyakazi awe na neno katika mipango ya mahali pake pa kazi, na taasisi za umma zina mabaraza mpaka leo. Lakini tukisema ukweli, vikao vingi huzungumza posho, sare na bajeti, na suala la mfumo wa kompyuta huachiwa "watu wa kompyuta". Hilo ni kosa. Mfumo unaoamua muuguzi atasimama wapi, ataandika nini na atasubiri nini ni suala la kazi kabla ya kuwa suala la ufundi.

HESHIMA NA SIRI

Yako mambo mawili zaidi ambayo hayaonekani katika taarifa za utekelezaji, lakini yanavunja moyo kimyakimya.

La kwanza ni heshima. Matroni wa miaka 30 kazini, ambaye vizazi vya wauguzi vimejifunza kwake, anakaa mbele ya kibodi akitafuta herufi moja moja kwa kidole, na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anasimama nyuma yake akitabasamu. Hakuna aliyemtukana, lakini amedhalilika mbele ya watoto wake. Wengi wa namna hiyo hawalalamiki. Huomba uhamisho au huhesabu miaka ya kustaafu. Hospitali ikimpoteza mtu huyo kwa sababu hajui kuchapa, imepoteza kitu kisichoweza kuingizwa katika kompyuta yoyote.

La pili ni kuchungwa. Mfumo unaandika jina la kila aliyeingia na saa aliyoingia. Hilo ni jema kwa usalama wa mgonjwa. Lakini kiongozi anapolitumia kwanza kutoa barua za onyo kwa walioandika kwa kuchelewa, bila kuuliza kama wodi ilikuwa na kompyuta moja na umeme wa kubabaisha, wafanyakazi hujifunza kujikinga. Wataandika vipimo ambavyo havikupimwa, ili nafasi isibaki tupu. Watapeana neno la siri, ili jina la mmoja libebe kazi ya wote. Hapo tunapata mfumo uliojaa na kumbukumbu za uongo, na siri za wagonjwa zimo mikononi mwa yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka hospitali ilinde habari za mtu. Haiwezekani kuitimiza kwa amri tu, kama wodi nzima inagombea mashine moja.

NINI KIFANYIKE?

Kutokana na maelezo hayo tunaona hatua zifuatazo ni za lazima.

(1) Kabla mfumo haujanunuliwa au kuletwa, wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara, wafamasia na makarani wa kumbukumbu waonyeshwe na waujaribu kwa kazi yao halisi, pamoja na kazi ya usiku na ya dharura. Maoni yao yaandikwe, na baraza la wafanyakazi lipewe majibu.

(2) Kila mfumo uje na orodha ya karatasi utakazoziondoa, na tarehe ya kuziondoa. Fomu isiyokuwa na mtu anayeweza kueleza inamsaidia nani ifutwe.

(3) Mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi, si baada ya zamu ya usiku. Walimu wa kudumu watokane na wafanyakazi wa wodi hiyo hiyo, na wazee wa kazi wafundishwe mapema na faraghani. Katika majuma ya mwanzo iongezwe mikono, kwa sababu hata mfumo mzuri hupunguza kasi mwanzoni.

(4) Nyenzo zitangulie amri. Malawi, kuanzia mwaka 2001, ilijaribu mjini Lilongwe kompyuta za kugusa skrini kwa kidole, zinazotumia umeme mdogo na betri, ili muuguzi asiyejua kuchapa aweze kuzitumia wakati huo huo akiwa na mgonjwa. Huo ndio mwelekeo: mashine imfuate mfanyakazi. Na kila wodi iwe na utaratibu wa karatasi wa dharura, unaojulikana na wote, kwa saa ambazo umeme au mtandao umekatika.

(5) Makarani wa kumbukumbu wasitupwe. Wao wanajua wapi majina hufanana, wapi jalada hupotelea. Wafundishwe kuwa nguzo ya mfumo mpya, na tabibu aondolewe uchapaji wowote unaoweza kufanywa nao.

(6) Habari zirudi zilikotoka. Kila mwezi wodi ionyeshwe takwimu zake: waliopona, waliokufa, dawa zilizokosekana. Muuguzi akiona kwamba takwimu zake ndizo zilizoleta dawa au muuguzi wa ziada, hatahitaji kuhimizwa kuandika.

(7) Kila anayetoa taarifa ya kasoro ajibiwe. Hata jibu la kwamba haiwezekani kwa sasa, likitolewa pamoja na sababu, ni bora kuliko kimya.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake, maana kukosoa kunakwenda pamoja na kujikosoa. Kumwambia mgonjwa "mtandao hakuna, rudi kesho" huku utaratibu wa karatasi upo ni dhuluma. Kuandika kipimo ambacho hakikupimwa ni hatari kwa zamu inayofuata. Kukataa kujifunza kwa sababu tu mwalimu ni kijana ni kiburi. Na yule aliyekuwa akila fedha za dirishani asijifiche nyuma ya malalamiko ya haki ya wenzake.

HITIMISHO

Tumeeleza kwamba moyo wa mfanyakazi wa hospitali haushuki kwa sababu ya kompyuta yenyewe. Unashuka anapoandika zaidi na kutibu kidogo, anapoona habari zake zinamfaidia kila mtu ila yeye na mgonjwa wake, na anapotumikia maamuzi ambayo hakuulizwa. Mambo hayo matatu hayatengenezwi na mafundi. Yanatengenezwa na uongozi, na yanaweza kubadilishwa na uongozi ukishirikiana na wafanyakazi.

Wala tusidhani kwamba moyo wa kazi ni jambo la pembeni, la kushughulikiwa baada ya mashine kufungwa. Mgonjwa anayelazwa usiku hatibiwi na mfumo. Anatibiwa na mtu aliyechoka au asiyechoka, anayejali au aliyekata tamaa. Mganga Mfawidhi anayetaka kujua kama mfumo wake umefaulu asianze na idadi ya kompyuta zilizofungwa. Aende wodini saa 8 usiku, aangalie muuguzi yuko wapi. Akimkuta kitandani pa mgonjwa, mfumo unafanya kazi. Akimkuta kila usiku amemgeukia mgonjwa mgongo, akimalizia kujaza nafasi zilizobaki, ajue kwamba bado hajaanza.